Mtu Aliyeonja kwa Uso Wangu

Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, sijui wala sitaki kujua. Hayo watayasema wengine siku ya kumzika, na nina hakika watampamba. Mimi naandika nilichokiona mwaka mzima nikiwa nimesimama mbele yake, kwenye meza ndefu ya vikombe, katika kampuni moja ya kahawa pale Bukavu wakati wa vita. Tulimwita Shefu. Hata mke wake, alipomletea chakula cha mchana, alimwita Shefu, naye akaitika.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kilimo. Staji yetu, yaani kipindi cha kujifunza kazi ndani ya kampuni, ilikuwa iwe ya miezi michache tu. Lakini waasi walikuwa wameshika mji, maprofesa wengine wamekimbia, wengine wamegoma, na chuo kikafungwa. Kitivo kikatutumia ujumbe kwamba kila stajiere abaki pale alipo mpaka mwaka uishe. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilifurahi kimoyomoyo, maana kampuni ile ilikuwa inatafuta mwonjaji wa pili, na Mkurugenzi alikuwa amesema wazi kwamba stajiere akifaulu, kazi ni yake. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka mume.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, nieleze kidogo. Kahawa hainunuliwi kwa macho. Inakaangwa kidogo, inasagwa, inatiwa kwenye vikombe, inamwagiwa maji ya moto. Ukoko ukipanda juu unauvunja kwa kijiko huku pua yako iko karibu kabisa, kisha unavuta kahawa mdomoni kwa kelele kama mtoto asiye na adabu, unaizungusha, unaitema kwenye ndoo. Kwetu Kivu adui mkubwa ni ule ugonjwa tunaouita birayi. Punje moja tu yenye ugonjwa ikiingia, kikombe kizima kinanuka maganda ya viazi vibichi, na mnunuzi akikutana nacho anakimbia na harudi tena. Kazi ya mwonjaji ni kukikamata kikombe hicho kabla mnunuzi hajakikamata. Shefu alikuwa amekikamata kwa miaka mingi, na mjini alijulikana kama ulimi wa Bukavu.

Alikuwa mtu wa usafi wa kupindukia. Alishuka kutoka Kadutu kila asubuhi kwa vile vijia vya mteremko, matope mpaka kwenye vifundo, amevaa kandambili, viatu vyake vimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwapani. Langoni alinawa miguu, akavaa soksi, akavaa viatu vinavyong'aa, na kandambili zikaingia mfukoni. Nilimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili nilikuja na mfuko wangu.

Usafi mwingine ulikuwa wa mdomo. Kitunguu kibichi marufuku, pilipili marufuku, ndagala, wale samaki wadogo waliokaushwa, marufuku mpaka Jumapili. Kila asubuhi alinikagua kama mwalimu anayekagua kucha.

"Fungua kinywa," aliniambia, akasogeza pua. "Bon. Kinywa iko safi."

Siku moja nilikuwa nimechelewa kuamka, nikala kiporo cha maharagwe kilichojaa kitunguu, nikaenda kazini hivyo hivyo. Alisogeza pua, akavuta pumzi, akasema kinywa kiko safi. Nilimshukuru Mungu. Leo nikikumbuka najiona mjinga, maana jibu lote lilikuwa pale chini ya pua yake na sikulisoma.

Sheria yake ya tatu ilikuwa ya mahali. Yeye alikaa upande wa ukutani. Mimi nilisimama upande wa pili, mkabala naye, uso wangu ukitazama dirisha kubwa linaloona ziwa.

"Simama pale ku mwangaza," alisema. "Niko nataka nikuone vile unaonja. Wewe unaonja mbele, mimi naonja nyuma. Na ku meza hapana kusema. Kinywa iko ya kahawa, haiko ya maneno."

Niliona ni mwalimu wa ajabu, anayemwacha mwanafunzi aanze. Nilionja, nikatema, sikusema kitu. Yeye akanitazama, akaonja, akatema, akatoa hukumu. Na hukumu yake ililingana na yangu kila mara. Nilirudi nyumbani nikimwambia mama kwamba nina ulimi kama wa Shefu. Mama alisema nisijisifu.

Siasa hakuitaka. Siku ambazo mji mzima uliamua kufunga milango kuwapinga waasi, maduka kimya, soko la Kadutu tupu, yeye alikuja kazini kwa njia za nyuma ya nyumba za watu na akanitaka nami nije. "Hapa hapana siasa," alisema. "Hapa iko kahawa." Wafanyakazi wengine walimwita msaliti kwa chinichini. Lakini kahawa yenyewe ilikuwa ndiyo inayolisha nyumba zao, na wakamnyamazia.

Sasa niseme jambo ninalolisema kwa shingo upande. Mchana mmoja risasi zilianza upande wa juu, na baada ya muda askari waliingia uani kutafuta magunia. Mmoja alifungua mlango wetu, akaviona vikombe, akaniona mimi. Alinishika mkono, akanivuta. Shefu aliinuka kwenye kiti chake, kijiko bado mkononi, akasimama katikati yetu.

"Huyu ni mutoto yangu ya kuzaa," alisema. "Ukimugusa, uniue mimi kwanza."

Askari aliuachia mkono wangu. Kisha akacheka, akamwambia mwenzake kwa Kilingala, "Papa azali makasi," yaani mzee ni mgumu, wakaondoka na magunia na redio ya mlinzi. Nilikuwa nalia. Shefu aliketi, akapangusa kijiko kwa leso yake.

"Maji imepoa," alisema. "Chemsha ingine."

Kwa hiyo msiniambie sikujua kwamba alikuwa na moyo. Nilijua. Ndiyo maana yale yaliyofuata yaliuma zaidi.

Nilichogundua nilikigundua kwa mafuta ya taa. Jiko letu la kuchemshia lilikuwa linavuja, na asubuhi moja nilipoingia nilikuta chumba kizima kinanuka kiasi cha kuumiza kichwa, sakafu imelowa, na Shefu ameinama juu ya jiko, kiberiti mkononi. Nilipiga kelele. Njiti ilikuwa tayari imegusa ubavu wa kiberiti. Aliniangalia, akaangalia sakafu, akaona unyevu, na nikaona uso wake unabadilika rangi.

"Niliijua," alisema. "Nilikuwa nakupima."

Hakuna mtu anayempima mtu kwa kujichoma moto. Nilimwuliza dereva wa kampuni, mtu mpole aliyekuwa akimpeleka Shefu kwenye safari za Uvira. Alikataa kusema, halafu akasema. Mwezi mmoja kabla sijaanza staji, walisimamishwa Sange, kwenye kizuizi. Askari walitaka gari, Shefu akakatalia ndani kwa sababu ya sampuli zake za kahawa. Wakamshusha, wakampiga kitako cha bunduki kichwani.

"Alianguka tu vile," dereva alisema. "Kuamuka, kintu ya kwanza anauliza: kahawa yangu iko wapi? Tangu ile siku ninamupatia mukate, ninamupatia samaki ya kuoza, kwake iko sawa tu. Usimwambie mutu, mama. Iko na batoto."

Sikumwambia mtu. Walimpiga, ndiyo, na nilimhurumia kwa roho yangu yote. Lakini si mimi niliyempiga, na hilo alilisahau.

Bado sikuelewa anaonjaje. Nililielewa kwa sababu ya jino. Gego langu la chini lilikuwa limeoza, na maji ya moto yakiligusa niliona nyota. Siku hiyo alikuwa amekuja mama mmoja mkulima kutoka Kavumu, mjane, na kahawa aliyoiosha mwenyewe. Kwa sababu ya vita alikuwa ameificha chini ya majani ya ndizi muda mrefu, akaishusha mjini siku barabara ilipotulia. Nilionja kikombe chake. Kilikuwa safi, kitamu, na kikagusa jino langu, nikakunja uso wote. Shefu alinitazama. Akaonja, akatema.

"Maman, iko birayi," alisema. "Peleka kwengine."

"Papa Shefu, iangalie tena," yule mama alisema. "Hii kahawa niliisafisha na mikono yangu. Haina birayi. Haijawahi kuwa na birayi."

"Iko birayi."

Kwengine kulikuwa wapi, wakati ule wa vita? Mama alifunga gunia lake, akaomba asaidiwe kulipandisha kichwani, akatoka. Mimi nilibaki na kijiko mkononi. Mlango ulipofungwa nikasema.

"Shefu, kahawa ya ile maman haina kintu. Ni jino ndiyo ilikuwa inaniluma."

"Jino gani?" aliuliza, na macho yake yakakimbilia dirishani. Hapo ndipo nikajua kwamba hakuwa akionja vikombe. Alikuwa anaonja uso wangu. Nikitulia, kahawa ni nzuri. Nikiinua nyusi, kuna maua. Nikikunja, kuna ugonjwa. Nilimwomba amwite mama yule, hajafika mbali. Alisema neno likishatoka kwenye meza halirudi. Kesho yake akaongeza sheria: stajiere mgonjwa abaki nyumbani.

Mtauliza kwa nini sikumfichua. Alikuwa amesimama mbele ya bunduki kwa ajili yangu. Nikajiambia: staji itaisha, nitaajiriwa, nitakaa naye kwenye meza ile, nitaonja na kusema kwa sauti, na siri yake nitaitunza mpaka astaafu kwa heshima. Nilikuwa tayari kabisa kuwa ulimi wake. Nilidhani naye anajua hivyo.

Mwisho wa mwaka Mkurugenzi alikuja mezani pamoja na mwalimu aliyetumwa na kitivo. Nilivaa sketi yangu ya kanisani. Nilikuwa nimepanga vikombe, nikingoja niambiwe nionje mbele yao. Shefu hakungoja.

"Huyu mutoto ni muzuri," alisema. "Iko na discipline, iko na heshima. Lakini ulimi, hapana. Mungu hakumupatia. Hana ulimi, hana pua."

"Munipime," nilisema. "Direktere, naomba munipime sasa hivi. Vikombe viko hapa."

Mkurugenzi alitabasamu kwa huruma. "Mama, ulimi wa Bukavu imeisha kusema," alijibu.

Nilimtazama Shefu. Hakunitazama. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima, hakuutaka uso wangu.

Alinipa alama ya kufeli, nikarudia mwaka. Na mji wetu ni mdogo. Kila kampuni niliyobisha hodi walikuwa wamekwisha kusikia: yule msichana hana ulimi. Kwa nini alifanya vile? Nimelifikiria sana na jibu ni rahisi. Stajiere huondoka, na mwingine huja. Anayeajiriwa anabaki, anaonja peke yake, anasema. Na mimi nilikuwa nimekwisha jua. Haukupita muda nikasikia kwamba amepokea stajiere mwingine, na kwamba amemsimamisha pale pale kwenye mwangaza.

Nilimchukia. Nalisema bila kuzunguka, nilimchukia kwa miaka, na chuki ile ilinipa nguvu. Nilivuka mto Ruzizi, nikapata kazi ya kufagia chumba cha kuonjea ng'ambo ya mpaka, nikaomba nionje, nikaonja, wakaniamini. Vita vilipopoa nilirudi. Wakulima walikuwa wameunda ushirika wao, wakanipa meza. Miaka yote hiyo sikula kitunguu kibichi wala pilipili. Kila nilipokisukuma kitunguu pembeni ya sahani nilimkumbuka, na nilikasirika kwamba bado anatawala mdomo wangu.

Nilimwona tena siku ya kuonja hadharani, ambapo wakulima hukaa kwenye mabenchi na kutazama kahawa zao zinavyohukumiwa. Aliingia amezeeka, viatu vinang'aa, mfuko wa plastiki kwapani. Kampuni yake ilikuwa imefungwa, naye alikuwa amepanda kahawa yake upande wa Kavumu. Alileta gunia kama mkulima yeyote. Lakini wazee walisimama kumsalimu. "Asinge, Shefu! Ulimi wa Bukavu!" Na kabla sijashika kijiko, mmoja wao akatoa wazo: kwa nini mtu kama huyu akae benchi? Tumpe uenyekiti wa meza. Awe juu ya wote, mama huyu awe chini yake, na wale mastajiere wake vilevile. Watu wakapiga makofi. Shefu alitikisa kichwa akisema amezeeka, lakini alikuwa anatabasamu, na niliona macho yake yakipima madirisha yangu.

Niliwatazama mastajiere wangu wawili, wasichana, wamekaa kwenye viti vyao. Nikajua nitafanya nini.

Nilionja kahawa yake kwanza. Ilikuwa nzuri, nzuri kweli, na niliwaambia watu wote hivyo kwa sauti, nikaipa daraja la juu inalostahili. Asije akasema mtu kwamba nilimfanyia alichonifanyia. Kisha nikachukua kikombe nilichokuwa nimekitenga asubuhi kutoka gunia jingine, kikombe chenye birayi, kibaya kuliko vyote nilivyokutana navyo msimu ule, nikakiweka mbele yake.

"Shefu," nilisema, "kabla ya kuketi, tuonjee hii moja. Mimi naonja mbele, wewe unaonja nyuma."

Alishtuka kidogo. Watu walikuwa wanangoja. Mimi nilisogea mkabala na dirisha, nikasimama kwenye mwangaza, uso wangu wote ukimwelekea. Nilivuta ile takataka mdomoni. Ilikuwa maganda ya viazi, ilikuwa udongo. Na nilitabasamu. Nililegeza macho, nikainua nyusi taratibu, kama nilivyokuwa nikifanya mwaka ule kahawa ya maua ilipopita. Nikatema.

Alinitazama. Nilimwona akitulia, kama mtu aliyekuta mlango wa nyumbani kwake umeachwa wazi. Akavuta kijiko kwa kelele ile ile ya zamani, akazungusha, akatema kwa ustadi.

"Maua," alisema kwa sauti kubwa. "Iko maua ndani, na ndimu kidogo. Hii kahawa iende Ulaya."

Hakuna aliyepiga makofi. Ukoko wa kikombe ulikuwa umevunjwa, na harufu ilikuwa imefika mabenchini. Wakulima wanaijua ile harufu, imewalaza njaa. Mtu mmoja akakohoa. Halafu mama mmoja, mzee sasa, aliyekaa benchi la nyuma, mwanachama wetu kutoka Kavumu, akasema kwa upole kabisa, kwa kuwa yeye ni mpole.

"Papa Shefu, ile kikombe iko birayi. Mimi huku nyuma ninaisikia."

Alikuwa ni yule yule mjane. Sijui kama Shefu alimkumbuka. Aliinusa kahawa, akainusa tena, mbele ya watu wote, na pua yake haikumwambia kitu. Kicheko kilianzia pembeni kikaenea chumba kizima, na wazee waliokuwa wamesimama kumsalimu walikuwa wanatazama chini.

Nilimsindikiza mpaka langoni, kwa sababu ndiyo heshima. Aliketi kwenye jiwe, akavua viatu vyake, akavifunga kwenye mfuko, akavaa kandambili. Sikumsaidia.

"Ile mwaka muzima," alisema bila kuinua kichwa, "uso yako haikunidanganyaka hata siku moja."

"Ile mwaka nilikuwa stajiere, Shefu," nilimjibu.

Aliondoka akipanda kuelekea Kadutu, na sikumwona tena. Wanaoijua hadithi hii huniuliza kama moyo haukuniuma, mzee kama yule, aliyewahi kusimama mbele ya bunduki kwa ajili yangu. Nawajibu kwamba bunduki ile naikumbuka, na gunia la mama wa Kavumu nalikumbuka, na vyote viwili nitavibeba. Jioni ile niliosha vijiko, nikawaruhusu wasichana wangu waende, nikapita sokoni. Nyumbani nilikata kitunguu kibichi, kikubwa, nikakitia pilipili na chumvi, nikakila chote nimeketi mlangoni. Kilikuwa kitamu sana.